Edgar Codd, mwanahisabati aliyepanga data za dunia katika majedwali

Kitabu kinachosimulia historia ya tiba kiwekwe kwenye historia au kwenye tiba? Katika rafu ya maktaba hakuna budi kuchagua. Katika kompyuta, jawabu lililodumu hadi leo lilitolewa mwaka 1970 na mwanahisabati Edgar Frank Codd.

Codd alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma Oxford, akarusha ndege za kivita katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akahamia Marekani na kuajiriwa na kampuni ya IBM. Mwaka 1953, akichukizwa na kampeni ya Seneta Joseph McCarthy dhidi ya walioshukiwa kuwa wakomunisti, alihamia Canada kwa muda.

Zama hizo kumbukumbu nyingi za kompyuta zilipangwa kama matawi ya mti, na asiyeijua njia ya tawi hakulifikia tunda. Codd alipendekeza majedwali ya kawaida, ambamo kila kisanduku hubeba thamani moja tu. Alitoa mfano wa mfanyakazi mwenye watoto kadhaa: watoto wasirundikwe katika kisanduku kimoja, bali wapewe jedwali lao, kila mstari ukiwa na namba ya mzazi wao.

Vitabu navyo hufuata kanuni hiyo. Jedwali moja huorodhesha vitabu, la pili mada, na la tatu huunganisha namba za kitabu na za mada, mstari mmoja kwa kila uhusiano. Mada ziwe mbili au ishirini, muundo haubadiliki. Anayeziandika zote pamoja na kuzitenganisha kwa mkato huokoa dakika chache leo, kisha hutaabika siku ya kuzihesabu au kuzisahihisha.

Kikwazo kilitoka nyumbani. IBM ilikuwa ikiuza IMS, mfumo wa matawi uliowaingizia fedha nyingi, na haikuwa na haraka ya kuushindanisha na wazo la mtumishi wake. Mwaka 1979 kampuni ambayo leo inaitwa Oracle ikaitangulia sokoni. Hata lugha ya SQL, iliyozaliwa IBM kutokana na wazo hilo, Codd aliikosoa kwa kuiona imepotoka.

Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Alifariki dunia Florida tarehe 18 Aprili 2003, akiwa na umri wa miaka 79.