Marehemu Luc de Heusch, Mpiga Sinema wa Sankuru na Rwanda

Kati ya wageni walioonyesha nchi zetu kwa njia ya sinema, tunapenda kumkumbuka marehemu Luc de Heusch, ingawa wengi wetu hatujaona hata filamu yake moja.

Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1927. Alipokuwa kijana alimsaidia Henri Storck, mkubwa wa wapiga sinema wa kwao, na mwaka 1951 akatoa filamu yake mwenyewe, Perséphone. Mwaka 1953 alikuja Kongo kwa kazi ya IRSAC, shirika la uchunguzi lenye makao Lwiro, humu humu Kivu. Akakaa Sankuru kati ya Wahamba, jamaa za Watetela, akachunguza desturi zao na kupiga filamu ya sherehe zao, iliyotoka mwaka 1955.

Mwaka ule ule alitoa filamu juu ya Rwanda. Humo Watutsi ni mabwana wa ng'ombe na Wahutu ni walimaji walio chini yao. Kila mtu amewekwa mahali pake. Hayakuwa mambo ya sinema tu. Tangu miaka ya 1930 serikali ya Ubelgiji ilikuwa ikiandika kabila la kila Mnyarwanda katika kitambulisho chake, naye Askofu Classe alikuwa ameshauri utawala ubaki mikononi mwa Watutsi.

Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Bruxelles miaka mingi. Mwaka 1967 alitoa pia filamu ya hadithi, Jeudi on chantera comme dimanche, aliyoitunga pamoja na mwandishi Hugo Claus.

Mauaji ya mwaka 1994, sisi wa pwani ya Tanganyika hatuhitaji kuelezwa. Wakimbizi walifika Uvira, na Oktoba 1996 vita ikatufikia sisi wenyewe, hata wengi wetu wakavuka ziwa kwenda Kigoma. Mwaka huo huo mzee huyu, akikaribia miaka 70, aliirudia Rwanda katika filamu ya mwisho juu yake, tangu 1894 hadi 1994, na jina lake ni kusema jamhuri iliyopatwa na wazimu. Alitafuta mizizi ya mauaji katika historia ya miaka 100, wala hakuuacha nje utawala wa wakoloni, wala misioni. Mapadri wageni wetu watuwie radhi tukilitaja neno hili siku ya jubilei. Sisi tunaona lina nafasi yake.

Alifariki mwezi wa nane mwaka 2012.