Richard Burton, Mzungu wa Lugha 29

Mara nyingi watu huulizana kama kweli mtu mmoja aweza kuzijua lugha nyingi, au hayo ni maneno ya barazani tu. Kwetu pwani swali hili si geni. Mtu wa Mombasa huamka na Kimvita chake, akasoma Kurani kwa Kiarabu, akaelewana na Mhindi dukani kwa maneno mawili matatu ya Kigujarati, na kabla ya adhuhuri akajaza fomu ya serikali kwa Kiingereza. Lakini yuko mtu aliyepita hapa kwetu mwaka wa 1857 ambaye wanaomsifu humhesabia lugha 29, mbali na lahaja. Maisha yake nayaona yana funzo.

Huyo ni Richard Francis Burton. Alizaliwa Torquay, Uingereza, tarehe 19 Machi, 1821. Baba yake, askari aliyestaafu, alikuwa akihamahama na jamaa yake Ufaransa na Italia, na kila walipotua mtoto aliokota lugha ya hapo, hata ile ya vichochoroni. Mwaka wa 1840 alipelekwa Chuo Kikuu cha Oxford, na huko alianza kujifundisha Kiarabu peke yake. Hakudumu. Mwaka wa 1842 alifukuzwa kwa kuvunja amri za chuo, akaingia jeshi la kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Bara Hindi.

Huko ndiko kipawa chake kilikochanua. Alifanya mitihani ya Kihindustani, Kigujarati, Kimarathi, Kisindhi na Kiajemi, na yote akaipita. Kisha alivaa nguo za mfanyabiashara wa Bushehr, akajiita Mirza Abdullah, akakaa masokoni Sindh akiuza na kusikiliza. Mwaka wa 1853 alijifanya tabibu wa Kipathani, akaingia Madina na Makka pamoja na mahujaji. Wazungu wenzake walimsifu mno kwa hilo. Sisi tuliofunzwa kwamba amali hupimwa kwa nia, hatuwezi kulitazama jambo hilo kwa jicho lao.

Je, alijifunza vipi? Hapakuwa na uganga. Alinunua kitabu kidogo cha sarufi na maneno, akakitia mfukoni, akawa akikifungua kila apatapo nafasi. Hakusoma zaidi ya robo saa kwa mara moja, kwani aliona akili ikishachoka haishiki kitu. Kwa mwendo huo alidai kupata maneno 300 kwa juma moja. Baadaye alichukua kitabu chepesi, akapiga mstari chini ya kila neno alilotaka kulikumbuka, na kila siku akairudia mistari hiyo. Sauti ngumu, kama ghaini ya Kiarabu, aliitamka maelfu ya mara kwa siku mpaka ulimi ukatii. Na akizungumza na mwenye lugha, aliyarudia maneno yake kwa kunong'ona. Aliyepitia chuoni kwa mwalimu, ubao mkononi, atatambua kuwa dawa hii ni ile ile yetu: kukariri, kusikiliza na kurudia.

Desemba 1856 alishuka Unguja, miezi miwili baada ya kufariki Sayyid Said bin Sultan. Januari akaja Mombasa, na baadaye, karibu na Pangani, yeye na mwenzake John Hanning Speke wakampata Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mdogo, akaishi Bara Hindi miaka mingi kisha akarudi. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani kibovu, basi.

Julai 1858, baada ya kulifikia Ziwa Tanganyika, walikuwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Burton alikuwa mgonjwa. Isitoshe, mazungumzo ya Waarabu wa pale, hasa Sheikh Snay bin Amir, yalimnogea, naye alikuwa akikusanya maneno ya lugha za bara. Akabaki. Speke akaenda kaskazini na Bombay, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kubwa, akarudi akisema hapo ndipo Mto Naili utokapo.

Burton alikataa katakata. Alidai kuwa Speke huuliza kwa Kihindustani asichokiweza, Bombay akafahamu kombo, akageuza kwa Kiswahili, akampa mwingine naye akageuza tena. Hoja hiyo ina nguvu, kwani neno likipita vinywa vitatu hufika jingine. Lakini aliyekosea ni yeye. Mwaka wa 1862 Speke aliuona mto ukitoka ziwani, na mwaka wa 1875 Stanley alilizunguka ziwa zima, shaka ikaondoka. Mwenye lugha moja na nusu alikwenda kutazama. Mwenye lugha nyingi alibaki na maneno yake.

Baadaye Burton alikuwa balozi mdogo Damascus, kisha Trieste, akafasiri Alfu Lela u Lela kwa Kiingereza katika majuzuu 16, kati ya 1885 na 1888. Alifariki Trieste tarehe 20 Oktoba, 1890. Mkewe akautia moto mswada wa tafsiri yake ya mwisho. Kaburi lake liko Mortlake, London, limejengwa kwa mawe mfano wa hema.

Basi mtu mmoja aweza kujifunza lugha nyingi, na hata mvivu akitenga robo saa yake ataipata moja. Lakini kitabu alichokitoa Burton mwaka wa 1872 juu ya Unguja na pwani hii kimejaa dharau kwa watu wale wale aliojifunza kusema nao. Suratu Rum yatufunza kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Mwenye kujifunza ulimi wa mtu na akamdharau mwenyewe, ameyapata maneno, ishara imempita. Nawaambia haya vijana wetu wanaokimbilia lugha za mbali: kimbilieni, ni kheri, ila msiende nazo mkiwabeua wenye lugha hizo, wala msikiache Kiswahili chenu nyuma.