Padri Aliyekosa Cheti Mara Mbili



Matokeo yametoka, na kijana mmoja wa Bunda kaniandikia kwamba kafeli, anaona hata wito wake umeishia hapo. Nimemsimulia maisha ya Gregor Mendel. Nanyi someni.

Alizaliwa 1822, mtoto wa mkulima, katika nchi ambayo leo ni Cheki. Alisoma kwa shida, mpaka dada yake mdogo akatoa sehemu ya mali aliyowekewa ya kuolewa ili kaka aendelee. Mwaka 1843 aliingia kwa watawa Waagustino mjini Brno, akapewa upadre 1847. Akataka cheti cha ualimu: 1850 akafeli. Akarudi 1856, akakikosa tena.

Mwaka huohuo akaanza majaribio ya njegere bustanini. Ua la njegere hujichavusha lenyewe, kwa hiyo alilifungua lingali changa, akaondoa chavua, akalipaka ya mmea mwingine. Miaka minane, mimea kama 28,000! Katika hesabu moja alipata punje za duara 5,474 na zilizokunjamana 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Akaona kwamba sifa inaweza kujificha kwa watoto, ikaibuka kwa wajukuu.

Mwaka 1865 alieleza matokeo hayo, wachache mno wakajali. Akahamia jenasi ya Hieracium, kanuni ikamgomea. Hakujua kwamba maua hayo mara nyingi hutoa mbegu bila kuchavushwa, na watoto huwa nakala ya mama. Alifariki 1884 akiwa abate. Ni 1900 tu ndipo wataalamu walipoitambua kazi yake.

Hata kwetu imefika. Miaka ya 1930, kituo cha Amani, Tanga, watafiti waliuchavusha muhogo na nduguye wa jenasi moja, mti wa mpira *Manihot glaziovii*, wakitafuta kinga ya batobato. Mihogo mingi ya Afrika inayovumilia ugonjwa huo ina asili yake huko. Kwa hiyo ukila ugali wa muhogo, uwe Musoma au Butiama, mkumbuke padri yule.

Sisemi kufeli ni kuzuri, kunauma jamani. Nasema Mendel hakungoja cheti ndipo atumikie. Alichukua bustani aliyokuwa nayo, akahesabu punje kwa uaminifu, mavuno akamwachia Mungu.

Je, bustani yako wewe ni ipi?

Tusali: Ee Bwana, utujalie uaminifu katika madogo, hata pasipo anayetuona. Amina.