SITI BINTI SAAD: PANKI WA MWAKA 1928

Wadau, ukitaja panki hapa Tukuyu mtu anafikiria kunyoa nywele. Wazungu wana muziki wa jina hilo, wa watu wa mtaani, usioogopa wakubwa. Wengi wanasema mbegu yake iko kwenye albamu ya kwanza ya Velvet Underground ya Marekani, mwaka 1967. Haya, ila sisi tulikuwa na wetu miaka 39 kabla.

Huyu mama alizaliwa Fumba, Unguja, kama mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Ndiyo, hilo ndilo jina alilopewa! Utumwa Unguja ulikuja kufutwa kisheria 1897. Shule hakwenda. Aliuza vyungu, anatoka shamba mpaka mjini kwa miguu akinadi, na sauti yake ikasikika kabla hajafika. Mwaka 1911 akahamia mjini kabisa, akakutana na mpiga udi Muhsin Ali, akafundishwa muziki. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadaye.

Taarab ya ikulu enzi hizo ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaimba Kiswahili, tena cha uswahilini. Mwaka 1928 akapanda meli na kundi lake hadi Bombay kurekodi na HMV, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kutoa santuri. Msitegemee albamu ya nyimbo 12 lakini, santuri zile zilibeba wimbo mmoja kila upande.

Sasa cheki alichoimba. Wimbo wa Kijiti unahusu mauaji ya kweli: mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar, anauawa, muuaji anatorokea bara, halafu mahakama ya mkoloni inawaadhibu wanawake waliokuwa naye. Asiyejua kusoma gazeti aliipata habari nzima kwenye gramafoni.

Wapinzani wakamtungia wimbo wa kumnanga, eti juzi tu alikuwa mshamba wa kuvaa kaniki. Akawajibu kwa wimbo: sura si kitu, akili ndiyo. Bifu za wasanii hazijaanza leo jamani.

Alifariki 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, TAMWA wakaliita jarida lao Sauti ya Siti, na Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliziimba nyimbo zake mpaka uzeeni.

Kuna mwenye babu Katumba au Kiwira aliyetunza santuri za zamani? Hebu mwulizeni kama ya Siti imo, mtuambie hapo chini.