Frederick Jones: Yatima aliyeyapa malori baridi

LORI la jokofu linapopita mjini Tarime kuelekea mpaka wa Sirari, likiwa na shehena ya minofu ya sangara kutoka viwanda vya Mwanza au Musoma, husikika ngurumo mbili. Ya kwanza ni ya injini inayosukuma magurudumu. Ya pili, nyembamba zaidi, hutoka kwenye mtambo uliofungwa mbele ya kontena, juu ya kabini, nayo huendelea hata dereva anapozima gari kusubiri taratibu za forodha.

Ngurumo hiyo ya pili ndiyo inayoamua iwapo shehena itavuka kuingia Kenya ikiwa chakula au ikiwa uvundo. Aliyeibuni ni Mmarekani mweusi ambaye masomo yake ya darasani yaliishia utotoni, Frederick McKinley Jones.

Jones alizaliwa Mei 17, 1893, katika eneo la miji ya Cincinnati na Covington, inayotazamana kwenye kingo mbili za Mto Ohio. Hakubahatika kulelewa na wazazi wake. Padri mmoja wa Kanisa Katoliki mjini Covington alimpokea akiwa mtoto mdogo, akampa makazi, kazi za nyumbani na elimu kidogo. Akiwa na umri wa miaka ipatayo 11 aliondoka, akarudi Cincinnati na kuanza kujitafutia riziki. Alianza kwa kufagia gereji, lakini haukupita muda mrefu akawa fundi wa magari anayetegemewa.

Mwaka 1912 alihamia Hallock, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Minnesota, akiwa fundi wa mitambo ya shamba kubwa. Usiku alisoma vitabu vya umeme na mashine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliingia katika jeshi ambalo wakati huo liliwatenga askari weusi, akapelekwa Ufaransa na kupanda hadi cheo cha sajini. Huko kazi yake ilikuwa kuunganisha umeme na simu na kutengeneza mashine zilizoharibika.

Aliporudi Hallock aliunda mtambo wa kurushia matangazo ya redio, kisha akatengeneza kifaa cha kuoanisha sauti na picha za sinema. Kifaa hicho kilimfikisha kwa Joseph Numero, mfanyabiashara wa vifaa vya sinema mjini Minneapolis, ambaye alimwajiri mwaka 1930.

Wakati huo wasafirishaji wa vyakula walitegemea barafu. Nyama, kuku na mboga vilipakiwa pamoja na mapande ya barafu, na usalama wake ulitegemea mwendo wa lori. Gari likiharibika njiani katika siku ya joto, barafu iliyeyuka na mali yote ikaoza. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, wakiwamo wa Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, wanaifahamu hofu hiyo, kwa kuwa samaki wanaotoka mialoni kwenda viwandani bado huhifadhiwa kwa barafu.

Inasimuliwa kuwa msafirishaji mmoja, rafiki wa Numero, alimlalamikia kuhusu hasara ya kuku walioharibika njiani. Numero, kwa utani, alijibu kuwa anaweza kulitatua tatizo hilo. Msafirishaji akalichukulia neno hilo kwa uzito na kuleta lori. Jones ndiye aliyeingia ndani, akapima, akapiga hesabu na kusema kazi hiyo inawezekana.

Kutengeneza baridi halikuwa jambo jipya. Majokofu yalikuwapo majumbani na viwandani. Kilichowashinda wengi ni mtikisiko, kwani mabomba yalipasuka na viungo vikalegea gari lilipopita kwenye mashimo. Jones, aliyekulia chini ya magari, alijua namna ya kuunda mashine inayohimili barabara. Aliipa injini yake yenyewe, isiyotegemea injini ya lori. Injini hiyo iliendesha kompresa iliyozungusha gesi, ambayo ilifyonza joto ndani ya kontena na kulitoa nje.

Mtambo wa kwanza, wa mwaka 1938, ulikuwa mzito na ulifungwa chini ya lori. Ulifanya kazi, lakini matope na vumbi viliuziba. Yeyote aliyesafiri kwa barabara ya udongo kati ya Tarime na Mugumu anaweza kulielewa tatizo hilo bila maelezo marefu. Jones akaupunguza uzito na kuuhamishia juu, mbele ya kontena, mahali unapoonekana hadi leo.

Numero aliuza biashara yake ya sinema, na wawili hao wakaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Thermo King. Katika Vita Kuu ya Pili, mitambo ya Jones ilihifadhi chakula, dawa na damu kwa ajili ya majeruhi. Umuhimu wa kazi hiyo haujaisha. Chanjo nyingi hutegemea baridi isikatike safarini.

Mwaka 1944 Jones alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha wahandisi wa majokofu nchini humo. Alipata hataza zaidi ya 60, zipatazo 40 zikihusu upoozaji. Hata hivyo haki za uvumbuzi huo zilikwenda kwa kampuni, na jina lake halikuandikwa kwenye mitambo.

Alifariki dunia mjini Minneapolis Februari 21, 1961, kwa saratani ya mapafu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1991, Rais George H. W. Bush alimtunuku, pamoja na Numero, Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na nishani zilipokewa na wajane wao.

Foleni ya Sirari inapokuwa ndefu, dereva huweza kuzima gari na kujinyoosha kitandani ndani ya kabini. Juu ya kichwa chake mtambo huendelea kunguruma, na samaki hubaki kama walivyotoka kiwandani.