Pasteur na kuku waliokataa kufa

Ukitoka Litein kwenda Bomet, karibu kila boma utapata chai na kuku wa kienyeji. Na stori ni ile ile: ugonjwa ulipita, ukafagia kuku wote, akabaki mmoja. Kogo wako anakwambia huyo ndiye wa kuweka mbegu. Kabla hujakubali, kuna jamaa unafaa kumjua.

Louis Pasteur alizaliwa Dole, Ufaransa, tarehe 27 Desemba 1822. Babake alikuwa fundi wa kulainisha ngozi. Usidhani kijana alikuwa kichwa darasani. Mwaka 1841 alianguka mtihani, na alipourudia 1842, alama yake ya kemia ilikuwa ya wastani tu. Sisi tulioacha chuo tunampenda hapo, ila yeye alirudi.

Mwaka 1865 alitumwa kwa wafugaji wa viwavi wa hariri waliokuwa wanafilisika. Akagundua ugonjwa mmoja ulipita kutoka kwa mama hadi kwenye yai. Suluhisho likawa kuchagua wazazi: nondo akishataga, anapondwa na kupimwa kwa hadubini. Akipatikana na vijidudu, mayai yake yanaharibiwa.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Taifodi ilimuua bintiye Jeanne mwaka 1859, na Cécile mwaka 1866. Mwaka 1868 kiharusi kikampooza upande wa kushoto. Bado akarudi kazini.

Mwaka 1879 akawa anafanyia kazi kipindupindu cha kuku. Kuku waliodungwa vijidudu vilivyozeeka maabara waliugua kidogo, wakapona. Walipodungwa vile vikali, hawakufa. Mwaka 1880 akatangaza: hiyo ndiyo chanjo ya kwanza ya kudhoofisha vijidudu maabara. Ikafuata ya kimeta 1881, na ya kichaa cha mbwa 1885, iliyomwokoa Joseph Meister wa miaka 9. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Sasa rudi kwa kuku wa kogo. Kuku wa Pasteur walipata kinga wakiwa hai. Haikuwa kitu cha kurithisha ukoo mzima. Kinga ya kuzaliwa nayo ni mambo mengine, na sheria za urithi zilitoka kwa Gregor Mendel, naye wa 1822, akipanda njegere. Miaka ya 1920 na 1930, watafiti wa Illinois, Marekani, walichagua familia za kuku ambazo vifaranga wengi walistahimili mharo mweupe, wakazizalisha kizazi baada ya kizazi. Vifaranga wakazidi kuwa wagumu. Kwa hivyo kogo hajakosea kabisa.

Lakini kuna mtego. Bakteria wa mharo mweupe na wa taifodi ya kuku ni ndugu wa yule aliyewaua mabinti wa Pasteur. Kuku anaweza kupona na bado akaubeba, akaupitisha kwenye yai, kama wale nondo. Kwa macho, shujaa na mbebaji wanafanana.

Kogo yangu aliweka mbegu kutoka kwa kuku wake wa mwisho. Vifaranga 12 walianguliwa. Kufikia wiki ya pili walikuwa 3, manyoya ya nyuma yameganda uchafu mweupe. Nilikuwa nimemsifu kwa kumhifadhi huyo mama.

Wewe mwite daktari wa mifugo apime damu kwanza. Ndio uweke mayai.