Butlin: Aliyegeuza mvua ya kisiwani kuwa likizo ya wafanyakazi

MWANZONI mwa miaka ya 1920, kijana mmoja aliyejitafutia riziki kwa michezo ya maonyeshoni alikwenda kupumzika katika Kisiwa cha Barry, kusini mwa Wales. Aliyoyaona huko yalibadilisha maisha yake, na hatimaye yakabadilisha namna mamilioni ya watu wa tabaka la chini nchini Uingereza walivyopumzika.

Barry ni kisiwa kidogo ambacho kimebaki na jina hilo kwa mazoea tu, kwani kiliunganishwa na bara katika miaka ya 1880 wakati bandari ilipokuwa ikijengwa. Reli ilipofika kisiwani humo mwaka wa 1896, wachimbaji wa makaa ya mawe kutoka mabonde ya Wales walianza kumiminika ufuoni pamoja na familia zao.

Wageni wa aina hiyo walipanga vyumba katika nyumba za watu binafsi. Desturi ya nyumba hizo ilikuwa kali. Mgeni akishamaliza kifungua kinywa alitakiwa kutoka, na hakuruhusiwa kurudi ila wakati wa chakula. Jua likiwaka, hapakuwa na tatizo. Mvua iliponyesha, wazazi walizurura barabarani na watoto wao waliolowa, wakitafuta pa kujibanza hadi saa za mlo zifike.

Kijana huyo aliwahurumia, akajihurumia na yeye mwenyewe. Aliitwa William Butlin, ambaye baadaye alitajika kote kwa jina la Billy Butlin.

Butlin alizaliwa katika bara la Afrika, mjini Cape Town, Septemba 29, 1899. Babake alikuwa mwana wa kasisi. Mamake, Bertha Hill, alitoka katika ukoo wa watu wa maonyesho, waliohama kutoka mji mmoja hadi mwingine wakiwa na bidhaa na michezo yao, huku makao yao yakiwa karavani, yaani vijumba vya magurudumu vilivyokokotwa na farasi.

Ndoa hiyo ilipovunjika, Bertha alirejea Uingereza na wanawe. Hivyo basi, Butlin alionja mapema maisha ya kuhamahama, akibadilisha shule kila mara. Bertha alipoolewa tena, alihamia Kanada, na baada ya muda mwanawe akamfuata mjini Toronto.

Huko aliacha shule na kuajiriwa katika duka kubwa la Eaton's. Kampuni hiyo ilikuwa na kambi ya kiangazi kwa ajili ya wafanyakazi wake, na ndiko Butlin alikoonja likizo ya kweli kwa mara ya kwanza. Alipata kujua kwamba mwajiriwa wa kawaida naye anaweza kupumzika kwa heshima.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, alijiunga na jeshi la Kanada na kupelekwa Ufaransa, ambako alibeba majeruhi kwa machela. Mwaka wa 1921 alirudi Uingereza akiwa na pauni 5 tu mfukoni, akawaendea jamaa za mamake, wale wa maonyesho.

Alianza na kibanda cha mchezo wa kurusha pete. Wenye vibanda wengine walihakikisha kwamba mteja hashindi kwa urahisi. Butlin alifanya kinyume. Alirahisisha ushindi, akatoa zawadi nyingi zaidi, na umati ukahamia kwake. Faida ya kila mchezo ilikuwa ndogo, lakini wachezaji walikuwa wengi. Funzo hilo ndilo lililokuwa msingi wa biashara zake zote za baadaye.

Mnamo 1927 alifungua uwanja wa burudani mjini Skegness, mashariki mwa Uingereza. Mwaka uliofuata alipata idhini ya kuingiza kutoka Marekani vile vigari vya umeme vinavyogongana, ambavyo viliwavutia watu na kumtajirisha.

Hata hivyo, hakusahau mvua ya Barry. Alinunua shamba karibu na Skegness, na Aprili 11, 1936, kambi yake ya kwanza ya likizo ikafunguliwa. Aliyeifungua rasmi alikuwa Amy Johnson, rubani mashuhuri wa kike. Kila familia ilipewa kijumba chake, milo mitatu kwa siku na burudani zote kwa bei moja, kati ya shilingi 35 za Uingereza na pauni 3 kwa wiki, kulingana na msimu. Mvua ikinyesha, kulikuwa na kumbi za michezo na densi. Hakuna aliyefukuzwa.

Siku za mwanzo wageni walionekana wapweke, kila familia kivyake. Butlin alimwomba Norman Bradford, mmoja wa wafanyakazi wake, awachangamshe kwa mizaha na michezo. Mambo yalipofana, aliamua kuwa na wafanyakazi wa kazi hiyo hasa, wakivaa makoti mekundu ili watambulike. Makoti hayo yakawa nembo ya kambi zake.

Mwaka wa 1938 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuhimiza likizo yenye malipo kwa wafanyakazi. Butlin, aliyekuwa ameiunga mkono, alifungua kambi ya pili mjini Clacton mwaka huohuo. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, kambi zake zilichukuliwa na serikali, na ile ya Skegness ikawa chuo cha wanamaji. Alijenga nyingine za kijeshi huko Filey, Ayr na Pwllheli, kwa makubaliano kwamba angezinunua vita vikiisha.

Baada ya vita biashara ilinawiri. Kambi ya Filey ilikuwa hata na stesheni yake ya reli. Wakosoaji nao hawakukosekana. Walizifananisha kambi hizo na kambi za jeshi, ambako vipaza sauti viliwaamsha watu asubuhi na kila saa ilikuwa na ratiba yake. Lakini mama aliyezoea kupika na kufua mwaka mzima alipata wiki moja ya kuandaliwa chakula, jambo ambalo awali lilikuwa la matajiri.

Si kila jaribio lilifaulu. Kijiji cha likizo alichoanzisha katika kisiwa cha Grand Bahama kilifilisika mwaka wa 1950 kabla ya ujenzi kukamilika, nusura kiangamize alichochuma.

Mnamo 1964 alitunukiwa cheo cha Sir. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1966, alifungua kambi mpya katika Kisiwa cha Barry. Mahali palepale alipowahi kushuhudia familia zikitangatanga, sasa palikuwa na vijumba, kumbi na mabwawa ya kuogelea kwa ajili ya wafanyakazi. Ndiyo iliyokuwa kambi yake ya mwisho kujengwa.

Lakini nyakati zilikuwa zikibadilika. Safari za ndege za bei nafuu zilianza kuwapeleka Waingereza kwenye jua la Uhispania. Butlin alistaafu 1968 na kumwachia usukani mwanawe Bobby, na mwaka wa 1972 kampuni iliuzwa kwa shirika la Rank kwa pauni milioni 43. Alifariki Juni 12, 1980, katika kisiwa cha Jersey, ambako ndiko alikozikwa.

Kambi za Filey na Clacton zilifungwa 1983, na kampuni ikaondoka Barry mwaka wa 1986. Zile za Skegness, Minehead na Bognor Regis zingali zinapokea wageni chini ya jina lake. Nazo Ayr na Pwllheli zikageuka kuwa bustani za karavani, ambako familia hupumzika katika vijumba vya magurudumu ufuoni, mithili ya vile alivyokulia mwana wa Bertha Hill.